Mzee wa Samansi

Kwa miaka yote niliyomfahamu, sikumwamini. Naanza na hilo kwa sababu mtu akizeeka, au akihama mji, tunapenda kumsimulia kana kwamba tulimpenda tangu siku ya kwanza. Mimi sikumpenda. Nilimwogopa kidogo, nikamshuku sana, na kuna kipindi nilimchukia kabisa.

Tulimwita Mzee wa Samansi. Kazi yake ilikuwa kupeleka hati za korti. Mtu akishtakiwa kwa kesi ya shamba, ni yeye aliyempelekea samansi, ule wito unaomwambia afike mbele ya hakimu siku fulani. Jaji akitoa amri, ni yeye aliyeifikisha kwa anayeamriwa, kisha akarudi kortini kuapa kwa maandishi kwamba imefika. Bila kiapo hicho, mtu angeweza kuivunja amri mchana kweupe na kusema hakuijua. Hakuwa wakili, hakuwa polisi. Alikuwa na leseni ya korti, mkoba mweusi uliokatika mkanda mmoja, na daftari.

Mimi nilikaa mapokezi katika ofisi moja ya serikali mjini Bungoma. Sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kupiga muhuri, kuelekeza wageni, na kusema uongo kwa adabu. Bosi wetu, ambaye sote tulimwita Mkubwa, alinifundisha hilo wiki ya kwanza.

"Ukiona yule mzee wa gambuti," aliniambia, "mimi nimeenda Kitale."

Gambuti, vile viatu virefu vya mpira, alivaa kweli, masika na kiangazi, chini ya koti la suti lililopigwa pasi. Alikuja, akasimama mbele ya meza yangu, akauliza kama Mkubwa yupo. Nikasema ameenda Kitale. Akatoa daftari, akaandika polepole, midomo ikicheza. Mara ya tano au ya sita aliinua macho akasema, "Huyu mkubwa wenu afadhali angehamia tu huko." Hakucheka, na mimi sikujua kama ninaruhusiwa kucheka.

Lile daftari lilininyima raha. Aliandika saa, akaandika uliyosema, na nilihisi aliandika hata ambayo hukusema. Wenzangu walikuwa na maelezo yao. Mmoja alidai ni mtu wa usalama. Mwingine akasema analipwa na mwanasiasa aliyeshindwa na rafiki ya Mkubwa kwenye uchaguzi. Nilichagua hili la pili, kwa sababu lilinifaa. Ukimdanganya mtu aliyetumwa na adui, hujisikii vibaya.

Naye hakumwamini mtu. Alikuuliza jina, ukamjibu, akakuongelesha habari za mvua na bei ya mahindi, kisha akakuuliza jina tena. Kwenye vibanda vya chai alikaa akitazama mlango. Hakumkabidhi mtu hati mpaka majirani wawili wamthibitishie kwamba ndiye. Siku moja nilimsikia akibishana na wakili kijana kwenye ngazi za posta. Kijana alikuwa akimweleza kwamba siku hizi korti inakubali hati ipelekwe kwa simu, mtu akiisoma unaona alama mbili za buluu.

"Hizo alama nimeziona," mzee akasema. "Hazina uso. Nitaapaje kwamba nimeona alama?"

Kuna kisa cha Chwele ambacho mji mzima ulikijua. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alikuwa amemkimbia kwa miezi kadhaa. Ukimwendea nyumbani yuko sokoni, ukimwendea sokoni anadai yeye ni nduguye. Siku ya soko mzee akajitosa katikati ya mifugo, akaanza kujadili bei ya fahali mwekundu. Alijadili kwa muda mrefu, akakagua meno, akalalamikia kwato, akaondoka akarudi. Mwishowe muuzaji akachoka.

"Mzee, wewe unanunua ama unatembea?"

"Nanunua. Lakini sinunui kwa mtu nisiyemjua. Baadaye nitaambiwa ni ya wizi."

Yule bwana, kwa hasira, akatoa kitambulisho chake mwenyewe akamwonyesha. Mzee akakisoma, akamrudishia, na pamoja na kitambulisho akampa samansi. Wanasema mtu yule alibaki ameshika kamba ya ng'ombe kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine, akisema tu, "Hii kalatasi, bana. Hii kalatasi."

Kinachosahaulika katika kisa hicho ni kilichofuata. Mzee alimvuta kando, wakakaa juu ya magunia, akamsomea hati nzima na kumfafanulia kwa Kibukusu, neno kwa neno, mpaka akawa na hakika kwamba ameelewa siku, saa na chumba cha korti. Mtu yule akamwomba ushauri, ajibu nini. Mzee akainuka. "Mimi naleta," akasema. "Sisemi."

Ndivyo alivyokuwa, na ndiyo maana nilishindwa kumweka mahali. Alimpelekea shemeji yake samansi asubuhi, na jioni akaenda kumsaidia kuvuna. Aliwashuku wanasiasa wote, lakini bunge la kaunti likikaa, ungemkuta kwenye viti vya wananchi na daftari lake, akifuatilia mswada wa takataka kana kwamba ni mechi. Nilipomuuliza anatafuta nini huko, alisema, "Naenda kuona wakitunga. Wakitunga vibaya, ni mimi nitapeleka." Kalasinga mwenye duka la vyuma karibu na stesheni ya reli alikuwa akisema, "Huyu mzee akipita na mkono mtupu, mimi nafurahi sana." Lakini siku duka lilipofurika maji ya mvua, mzee alikuwa wa kwanza kufika na ndoo, na Kalasinga alipomtolea chai, alikataa.

Chai ya kupewa alikataa kila mahali. Ofisini kwetu tulimtolea mara mbili tatu, mojawapo tukiwa na nia mbaya, maana Mkubwa alitaka apigwe picha akinywa. Nilimuuliza kama anaogopa sumu.

"Madam, nikinywa chai yenu leo, kesho nitaapa juu yenu. Nikisema mlikuwepo, mtasema nilikuwa rafiki nikageuka. Nikisema hamkuwepo, watu watasema ni chai."

Siku hiyohiyo, mzee akiwa ameleta hati ya mtu mwingine, mlango wa Mkubwa ulikuwa wazi. Ndani walikuwa wakila kuku na ugali, Mkubwa na mwakilishi wetu wa wadi, yule ambaye kwenye bunge la kaunti ndiye aliyepaswa kutuuliza maswali kuhusu kazi yetu. Kila Ijumaa walikula pamoja. Na Ijumaa hiyo kulikuwa na mtu wa tatu, ambaye mzee alimtambua kuwa ni wa kule mahakamani, sijui wa cheo gani. Mzee alitazama kwa muda. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayeamua, hao wakila sahani moja, mboga ni wewe."

Nilikasirika. Nilidhani ananitukana.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Karibu na kituo cha magari palikuwa na mstari wa vibanda, vya wanawake peke yao, wakiuza viazi, omena, mboga na nguo za watoto. Walikuwa hapo tangu nikiwa shule. Ofisi yetu ikaamua waondoke. Tulisema ni kwa ajili ya usafi, na mwakilishi wa wadi akasimama bungeni akasema ni kwa ajili ya usafi, lakini mimi ndiye niliyepiga chapa barua za kiwanja kile na nilijua kimeahidiwa mtu. Wale wanawake wakachanga, wakapata wakili, wakaenda kwa jaji. Jaji akaamuru hakuna kibanda kuguswa mpaka kesi isikizwe.

Mzee aliileta amri hiyo Alhamisi asubuhi. Nilikuwa natafuna njugu, sina habari ya lolote. Nikasema maneno yangu ya Kitale. Akasema sawa, sheria inamruhusu kuiacha mapokezi ikiwa nitapiga muhuri wa kupokea. Ilikuwa karatasi kama karatasi nyingine. Nikapiga muhuri. Akachukua nakala yake, akaandika kwenye daftari, akaondoka.

Nikampelekea Mkubwa, nikampa mkononi, akaisoma mara mbili.

"Nani alikwambia upokee?"

Nikasema hakuna.

"Basi hukupokea," akasema, na akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Jumamosi alfajiri tingatinga likaja. Nilikwenda kutazama, sijui kwa nini. Mabati yalikuwa yamelala barabarani. Mama mmoja wa viazi, mjane ambaye nilikuwa nikinunua kwake kila siku nikitoka kazini, alikuwa ameinama akiokota viazi kimoja kimoja kwenye tope na kuvipangusa kwa leso. Aliinua uso akaniona. Alinisogezea ndoo, nikamsaidia kuokota. Hakujua kwamba amri iliyokuwa imlinde ilipita mikononi mwangu.

Wanawake wakarudi kortini, wakidai Mkubwa amedharau mahakama. Ofisi ikajibu kwamba haikuwahi kupata amri yoyote. Wakili wa ofisi akaniletea hati ya kiapo iliyokwisha kuandikwa. Ilisema kwamba mimi sikuona karatasi hiyo, na kwamba muhuri ule huenda uliibwa na kutumiwa na mtu mwenye nia mbaya. Mtu huyo hakutajwa, lakini nani asingejua?

Nilitia sahihi. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kazi moja. Nikajiambia pia kwamba mzee yule amelipwa na upande wa pili, kila mtu anajua, basi uongo wangu na wake ungekutana ukafutana.

Jaji alikuwa mama wa sauti ya chini. Siku ya kesi chumba kilijaa. Wakili wetu akamwita mzee kumhoji, akaanza kwa tabasamu.

"Mzee, unapeleka hati nyingi kila wiki?"

"Nyingi."

"Na hii moja unaikumbuka?"

"Siikumbuki. Nimeiandika."

Watu wakacheka. Jaji akamwambia asome. Akafungua daftari, akasoma kwa kidole: "Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mapokezi. Dada mwenye sweta ya kijani, kiwiko cha kushoto kimeshonwa na uzi mweusi. Anakula njugu. Anasema mkubwa ameenda Kitale. Gari la mkubwa liko chini ya dirisha. Amepiga muhuri mara mbili, wa kwanza wino ulikuwa umekauka. Amenipa kiti. Nimekataa."

Nilijikuta naangalia kiwiko changu, ingawa siku hiyo nilivaa blauzi. Jaji akaiinua ile nakala kwenye mwanga wa dirisha. Hata kutoka benchi la nyuma niliona muhuri mmoja mweusi, na chini yake mwingine, hafifu.

Wakili hakutabasamu tena. "Kwa hivyo unaiambia mahakama hii kwamba dada huyu, aliyeapa, ni mwongo?"

Mzee alifunga daftari.

"Hapana. Nimesema alipokea. Habari ya kiapo chake, mwenyewe yuko hapo nyuma. Aulizwe."

Jaji akaniita. Sikumbuki nilivyotembea. Nakumbuka kwamba aliniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, ikiwa niliisoma ile hati kabla ya kutia sahihi. Nikasema niliisoma. Akauliza kama ni ya kweli. Nilimtafuta Mkubwa kwa macho. Alikuwa akitazama simu yake. Mama wa viazi alikuwa ameketi mstari wa pili, na yeye alinitazama.

"Si ya kweli, mheshimiwa," nikasema. "Niliipokea mimi. Nilimpa Mkubwa mwenyewe mkononi."

Wiki mbili baadaye tulirudi kusikia uamuzi. Mkubwa, ambaye ofisi nzima ilisimama akiingia, siku hiyo alisimama yeye, mikono mbele, akaomba msamaha kwa jaji na kwa wale wanawake. Vibanda viliamriwa vijengwe upya. Vilichelewa, vikalegalega, lakini vilijengwa. Sitasahau nilivyojisikia siku hiyo. Gavana hakuwepo, askari hawakuwa wengi, hakuna aliyepaza sauti. Mama mmoja wa sauti ya chini alisoma kurasa chache, na tingatinga likawa limeshindwa. Mimi jaji alinionya vikali kuhusu kiapo, akaniacha. Mkubwa hakuniacha. Ndani ya mwezi nilihamishiwa Naitiri, kwenye ofisi ya chumba kimoja isiyo na mtu wa kupokea.

Tulipotoka kortini siku ile ya kuhojiwa, nilisimama kwenye veranda nikimngoja mzee. Sijui nilitaka nini. Labda neno moja. Alipita karibu nami kama anayepita nguzo. Hakunisalimia. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia. Nilipoteza kazi yangu ya mjini kwa kuthibitisha daftari lake, na hakuweza kusema hata habari yako.

Kwa hivyo niliendelea kumshuku. Nikiwa Naitiri nilisikia amepewa kiwanja na wale wanawake, nikaamini upesi. Nilipopita Bungoma nilimuuliza mama wa viazi, kwa njia ya kuzunguka, walimshukuruje yule mzee.

"Kumshukuru?" akasema. "Huyo alituhoji kama wezi. Kabla achukue karatasi ya wakili wetu, alikuja hapa akataka aone kibanda na macho yake, ati isije ikawa hakuna kibanda. Tukampelekea kuku nyumbani. Akamrudisha akiwa amefungwa miguu vilevile."

Ikapita miaka. Nikasikia ameacha kazi, amehamia Kitale kwa binti yake, macho yamepungua.

Mwaka huu nami nilikuwa na jambo kule. Baba yetu alifariki akaacha shamba upande wa Trans Nzoia, na faili ya urithi ilikuwa mahakama ya Kitale. Kaka zangu waliniachia mimi kuifuatilia, kwa vile nimefanya kazi ofisini na najua karatasi. Kwenye orodha ya warithi tulikuwa tumeandika watoto watano. Tulikuwa sita. Wa sita alizaliwa na mama mwingine, na kaka zangu walisema huyo hata hajui kuna kesi, na chifu alikuwa amekubali kuandika barua kwamba tuko watano.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha korti, na fimbo kati ya magoti. Hakuwa na kesi. Watu wa pale waliniambia huja tu, asubuhi nyingi, akasikiliza. Nilipomwamkia aligeuza sikio badala ya uso.

"Shikamoo mzee. Mimi ni yule wa mapokezi, Bungoma."

"Marahaba. Madam wa mihuri miwili. Kaa."

Tukaongea habari za watoto na mahindi. Kisha nikamuuliza niliyobeba miaka yote ile.

"Mzee, siku ile ulitumwa na nani?"

"Na korti."

"Na mbona hukunisalimia?"

"Ningekusalimia, wakili wenu angesema tulipanga. Ukweli wako ungekuwa bure."

"Ulijuaje nitasema ukweli?"

"Sikujua. Nilidhani utadanganya." Alisugua fimbo kwa kidole gumba. "Mimi mwenyewe niliwahi."

Akanieleza bila kuharakisha. Alikuwa bado mgeni kazini. Alipewa samansi ya mwanamke mmoja huko mbele ya Naitiri, kesi ya shamba. Mvua ilikuwa kubwa na mto umejaa. Alikaa hotelini, akanywa chai, akaandika kwamba amemkuta mama nyumbani na amekataa kutia sahihi. Akaapa hivyo. Kesi ikasikizwa bila yule mama, akashindwa bila kujua ameshtakiwa. Siku moja mzee akiwa kwenye baiskeli alikutana na watu wenye lori, wakamwomba awaonyeshe njia ya boma fulani, wana amri ya korti ya kumtoa mtu.

"Nilisoma jina kwenye amri yao," akasema. "Nikajua ni mimi nimeiandika."

Alirudi Bungoma, akaapa kiapo cha pili, cha kujishtaki mwenyewe. Hukumu ikafutwa, kesi ikaanza upya, na yule mama akashinda. Lakini nyumba yake ilikuwa imeshabomolewa. Korti ikamnyang'anya mzee leseni kwa miaka kadhaa. Aliporudishiwa, ndipo alipoanza kuandika kila kitu.

"Watu wanasema mimi nashuku kila mtu," akasema. "Mtu ninayemshuku ni mmoja. Hao wengine ni mazoea tu."

Nikamuuliza kama yule mama alimsamehe.

"Hapana. Alijenga nyumba nyingine. Nikipita anageuza uso, mpaka leo." Akaiegemeza fimbo kwenye benchi. "Korti ilimrudishia shamba. Haikumwamuru anipende."

Karani akatokea mlangoni akaita jina la marehemu baba. Nikasimama. Mzee alinyoosha mkono, nikaushika, na hapo nikaona macho yake yasiyoona vizuri yameelekea kwenye faili niliyokumbatia. Nashuku hadi sasa kwamba alikuwa amekwisha kusikia habari zake. Mtu akikaa kwenye benchi lile kila asubuhi, husikia mengi. Sikumuuliza.

Nilimfuata karani hadi mezani kwake. Kabla hajafungua faili nikaomba kalamu, nikamwambia kwenye orodha ya warithi kuna jina halipo.

"Limesahaulika?" akauliza.

"Limeachwa," nikasema, na nikamtajia jina la ndugu yangu.